Alama Yangu Ilikuwa Ndani ya Ukuta

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Kasongo. Kazi yangu ni kuunga mabomba. Ndiyo, mwanamke wa kiislamu, na kitambaa changu kichwani, na msumeno mkononi. Wanaotaka kucheka wacheke sasa hivi, wamalize, halafu tuendelee.

Wasomaji wenzangu, siandiki ili mnionee huruma. Nimeshaonewa huruma ya kutosha, na nyingine ilitoka kwa watu waliokuwa wananicheka mchana kutwa. Naandika kwa sababu nilifanya kosa moja, kosa langu mwenyewe, na mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na mitatu akalichukua akanipiga nalo mbele ya watu.

Kazi hii nilifundishwa na baba yangu, Mzee Shabani, ambaye alitunza mabomba ya maji ya majengo mengi ya mji wetu tangu sijazaliwa. Hakuwa na mtoto wa kiume. Basi mimi ndiye niliyemshikia bomba, nikamkatia, mpaka siku moja akaniambia niunge mwenyewe huku yeye amekaa anatafuna muhogo.

Baba alikuwa na alama yake. Akishaunga bomba na kona, akishajaribu na kuona hapavuji, alichukua kalamu nene ya wino mwekundu usiofutika na kupiga mistari miwili juu ya kiungo. Nusu ya mistari inakaa kwenye bomba, nusu inakaa kwenye kona. Mtu akija kukigusa kiungo kile, hata akikigeuza kidogo tu, mistari haikutani tena. Maana yake ilikuwa moja: hapa nimejaribu, hapa nasimama mimi. Alipochoka macho alinipa ile kalamu, na alama ikawa yangu.

Amisi, mume wangu, alikuwa mwashi nilipoolewa naye. Mabomba alijifunza nyumbani kwetu, kwa baba. Simdharau... alikuwa na mikono mizuri. Lakini kila tulipokwenda kwenye kazi, watu walimsalimia yeye kwanza, wakamwita fundi, mimi wakaniita msaidizi wake. Nilikuwa nacheka tu. Nilifikiri mume na mke ni kitu kimoja, sasa kuna haja gani ya kugombania jina?

Kisha ikaja kazi ya Kabambare. Wafadhili fulani walikuwa wanajenga nyumba mpya ya uzazi, na walitaka iwekwe mashine ya kuvuta vumbi ya jengo zima. Wengi hamjawahi kuiona, kwa hiyo nieleze. Moteri inakaa chumba cha nyuma, inatumia umeme wa jua. Kutoka kwenye moteri mabomba yanapita ndani ya kuta mpaka kila chumba, na katika kila chumba kuna tundu dogo lenye kifuniko. Mama wa usafi anachomeka mpira wake kwenye tundu, anapitisha sakafuni, na vumbi lote linakimbilia kwenye pipa kule nyuma. Hakuna kufagia. Nyinyi mnaoijua barabara ya Kabambare wakati wa kiangazi mnajua kwa nini nilifurahi. Mtoto amezaliwa sasa hivi, hata hajafungua macho, na mtu anapita na fagio anamtimulia udongo mwekundu usoni!

Injinia wa kazi ile alituita Kindu wiki mbili, mimi na Amisi, akatufundisha. Jambo alilolirudia kila siku ni kona. Kwenye maji unaweza kuweka kona fupi, ile inayopinda ghafla. Kwenye vumbi lazima kona ndefu, inayopinda taratibu. Alituambia, "Maji inapita popote. Vumbi inachoka. Ukiikatishia njia inalala pale pale, na ikishalala haiamuki." Amisi alikuwa amekaa pembeni yangu. Aliyasikia kama nilivyoyasikia.

Tulifika Kabambare kwa pikipiki kupitia Lusangi, mabomba yamefungwa mbavuni. Nilianza kazi yangu kama kawaida. Kwanza nayapanga chini mabomba, ambayo kwetu tunayaita tiyo, chumba kwa chumba, bila gundi, na kona zake zote, nione kama vipimo vinakubali. Kisha waashi, yaani masoni, wanachonga mfereji ukutani. Kisha tunapandisha, tunatia gundi, kole kama mafundi wanavyosema, tunajaribu. Kujaribu kwenyewe ni jivu: unatia konzi moja ya jivu kwenye tundu, unakimbia nyuma, unatazama kama limefika kwenye pipa. Likifika, ndipo alama. Baada ya alama, ndipo lipu.

Vyumba viwili vya kwanza tulimaliza hivyo. Vyumba viwili vya mwisho, kile cha kujifungulia na kile cha wamama waliokwisha kujifungua, vilikuwa vimepangwa chini tu, bado kupandishwa, simu ilipolia.

Baba alikuwa amekufa.

Sikumbuki vizuri nilivyokaa chini. Nakumbuka Amisi akiniinua na kunifunga kitenge kiunoni. Alikuwa mpole siku ile, na mpaka leo ule upole unaniuma kuliko matusi. Pikipiki ilikuwa tayari mlangoni. Ndipo akaniletea kalamu yangu.

"Mwamini," akasema, "siku ya kufungua nyumba iko karibu. Tukikungoja mupaka umalize matanga, tutachelewa. Tia alama kabisa kwa tiyo zote. Miye nitapiga kole, nitajaribu na jivu, njo masoni atafunika."

Unaona? Haikuwa amri. Ilionekana ni msaada.

Na mimi, binti wa Mzee Shabani, siku ile ile aliyokufa yule aliyenifundisha, nilizunguka vyumba viwili nikilia, nikainama juu ya mabomba yaliyolala sakafuni bila gundi, bila jivu, nikapiga mistari miwili kwenye kila kiungo. Nusu kwenye bomba, nusu kwenye kona. Kona nane. Machozi yaliangukia wino, nikawa naufuta kwa kidole na kupiga tena.

Hilo ndilo kosa langu. Nalitaja hapa mapema ili msije mkafikiri nitalificha.

Kasongo nilimkuta baba ameshazikwa. Nikakaa matangani. Kwetu nyumba yenye msiba haifagiwi mpaka matanga yaanuliwe, kwa hiyo siku tatu nilikaa kwenye mkeka, miguu ya wageni ikiingia na kutoka, mchanga ukiongezeka juu ya mkeka, majivu ya jiko, maganda ya karanga. Mikono yangu iliwasha kutaka kufagia. Niliwaza vile vyumba viwili. Nilimpigia Amisi, akanijibu kila kitu kiko sawa, jivu limefika, kila chumba. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mume wa namna ile.

Nilirudi Kabambare jioni, siku moja kabla ya kufunguliwa nyumba. Kuta zilikuwa zimekwisha kupigwa lipu na rangi, nyeupe, zinang'aa. Nilimwomba Amisi tuwashe moteri, tujaribu mara moja tu mbele ya macho yangu. Akaniambia rangi haijakauka vizuri, matundu yatachafuka, na kwani mimi simwamini? Nikanyamaza. Jamani, mbona nilinyamaza?

Kesho yake watu walijaa. Akina mama wa ushirika na vitenge vya sare, wakubwa wa serikali, mashehe, mapadri. Amisi alivaa koti jipya. Aliitwa mbele kama fundi mkuu, akapigiwa makofi, akatoa maelezo marefu kuhusu moteri na pipa. Mimi nilisimama nyuma na waashi. Sikuona ubaya.

Chumba cha kwanza mashine ilivuta vizuri. Cha pili pia. Watu wakapiga vigelegele. Tukaingia chumba cha kujifungulia, na mkubwa mmoja, kwa furaha, akaagiza aletewe udongo kiganjani kutoka nje, akaumwaga sakafuni yeye mwenyewe. Mama wa usafi akachomeka mpira.

Mpira ukalia. Ukavuta kidogo... ukakohoa... ukanyamaza. Udongo mwingi ulibaki pale pale. Wakajaribu chumba cha nne, hali ile ile. Bibi mmoja mzee kwenye kona akasema taratibu, lakini wote tulimsikia, "Muleteeni basi mufagio." Na kweli ukaletwa. Fagio la vijiti lilipitishwa mbele ya wageni wote, vumbi likapanda juu ya makanzu na majoho, na watu wakatoka wakikohoa huku wengine wakicheka.

Injinia alikuwa amepauka. Akauliza nani ameunga vyumba viwili hivi. Sikuwa na hofu kubwa. Nilijua Amisi atasema, tutatazama, tutarekebisha.

Amisi alisema, "Kuunga iko kazi ya bibi yangu, Mwamini. Miye niliangalia moteri tu. Alama yake iko ndani ya ukuta, kwa kila tiyo. Mubomoe, mutaona."

Hakunitazama. Miaka kumi na mitatu, na hakunitazama!

Injinia akanijia, akaniuliza kama ni kweli alama ni yangu. Nikasema ndiyo. Akasema kuna jengo jingine la umma litakalowekewa mashine kama hii, Kasongo kwetu, na jina langu lilikuwa kwenye orodha pamoja na la Amisi. Akasema la kwangu atalitoa. Kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtu anayekuomba upishe njia.

Hebu fikirini. Mji wangu. Mji ambao kila bomba la zamani lina mistari miwili ya baba yangu. Kazi ya kwanza ya namna ile kufika Kasongo, nami nizuiwe mlangoni kwa alama hiyo hiyo!

Nilikwenda kukaa kwenye jiko la Mama Feza, mke wa mlinzi wa jengo, kwa sababu sikuwa na pengine pa kukaa. Alinipa maji ya kunywa. Mvua ikaanza. Ilikuwa mvua nzito, ikawa inateremka kwenye mabati ya jiko, na Mama Feza alikuwa amefunga kitu pembeni ya bati kinachoongoza maji kuingia kwenye pipa lake. Nilikitazama muda mrefu bila kukiona. Kisha nikakiona.

Ilikuwa kona ndefu. Nyeupe, mpya. Na kwenye mdomo wake, mistari miwili myekundu, mifupi, imekatika. Nusu ya alama yangu.

Nilisimama kwenye mvua ile na kitambaa changu. Nikamuuliza Mama Feza ameipata wapi. Akasema, "Bwana yako njo alinipatia. Alisema ziko za kutupa. Zingine ziko nyuma ya choo, nilitaka kupatia dada yangu wa Lusangi."

Nilikwenda nyuma ya choo. Saba. Na ile ya bati, nane.

Hapo nikaelewa yote. Kona ndefu inataka mfereji mpana ukutani. Matofali ya pale yamechomwa vizuri, magumu, kuchonga mfereji mpana ni siku nyingi za kupasuka viganja. Amisi hakutaka kuchelewa, alitaka kuvaa koti lake siku ile ile. Akanunua kona fupi za maji kwenye duka la Kabambare, akazichomeka kwenye mabomba yangu, akafunika. Jivu hakujaribu hata chumba kimoja.

Mlifikiri nilikimbia kumwita injinia? Hapana. Nilikaa. Jioni simu ililia, mama mkwe. Habari zilikuwa zimeshafika Kasongo, kwetu habari hazipandi pikipiki. Nikamweleza nilichokiona nyuma ya choo. Akaniambia, "Mwanangu, meza. Mwanamuke akikosea kazi, watu watasema iko mwanamuke, watasahau. Amisi akikosea, nani atamuita tena? Nyumba iko moja. Meza, mwanangu."

Na wasomaji, nilikaribia kumeza. Nawaambia ukweli. Niliwaza watoto. Niliwaza alivyonifunga kitenge siku ya msiba. Nilikwenda nikalala pembeni ya Amisi, nikamngojea aseme neno. Moja tu. Angesema "nisamehe, Mwamini," pengine leo msingekuwa mnasoma habari hii, na mimi ningekuwa mwanamke anayejulikana kwa kuharibu nyumba ya uzazi ya Kabambare. Akaniambia, "Siku ile akili yako ilikuwa kwa marehemu. Iko kawaida, mutu anakosea." Akageukia ukutani, akalala.

Alinipa kosa lake, akalifunika na sanda ya baba yangu. Hilo sikuweza kulimeza.

Asubuhi nilizipanga zile kona nane kwenye kikapu, nikakitia kichwani, nikapita nacho katikati ya soko. Kila aliyeniuliza ninauza nini nilimjibu, siuzi. Injinia alikuwa anafunga mizigo yake. Nikamwambia mume wangu alisema mbomoe, basi bomoeni. Akasema haina maana. Nikamwambia sitaki huruma, nataka ukuta. Watu walianza kukusanyika, Amisi pia, na injinia akaona hatatoka pale bila kubomoa.

Mwashi Kalonda, mmoja wa wale waliopiga lipu, ndiye aliyepiga patasi. Ukuta mweupe ulifunguka, na ndani yake ikaonekana kona fupi ya maji, imejaa udongo mwekundu ulioshikana. Kwenye bomba, mistari yangu miwili. Watu wakaguna. Amisi akasema, "Si munaona?"

"Tazameni kona," nikasema.

Kona haikuwa na kitu. Mistari ilifika mwisho wa bomba ikakatika. Nikatoa kona ndefu kwenye kikapu, nikaisogeza pale, nikaigeuza taratibu mpaka mistari ikakutana na mistari. Hata chozi lililochafua wino upande mmoja lilikutana na upande wa pili.

Mwashi Kalonda akaweka nyundo chini, akasema yeye alimwonya Amisi, akaambiwa afunike. Amisi akanitazama sasa, baada ya siku nzima. "Mwamini," akasema, "unaniua."

Injinia akatoa karatasi yake ili arudishe jina langu. Kisha kalamu yake ikasimama. Akaniuliza, "Lakini Mama, kona hii haijapigwa kole, na alama iko. Njo kusema uliweka mbele ya kujaribu?"

Hapo ndugu zangu palikuwa na mlango wazi. Ningesema sikumbuki. Ningesema Amisi aliichukua kalamu. Nani angebisha siku ile? Lakini kikapu kilikuwa miguuni mwangu, na mkono wangu ulikuwa bado umeshika mistari ya baba. Nikasema ndiyo. Niliweka alama kabla ya kujaribu. Alama inasema nimejaribu, na sikuwa nimejaribu. Yeye alibadilisha kona, ni yake. Mimi nilitia sahihi kitu nisichokiona, ni yangu. Naomba kila mtu abebe mzigo wake mwenyewe.

Injinia alinitazama sana. Akasema jina langu litakaa kando kwanza. Kuta mbili nitazifungua mimi, kona nane nitaziweka mimi, na atarudi kujaribu na jivu mwenyewe. Nikasema sawa.

Siku kumi na moja nilichonga matofali yale. Viganja vilipasuka, vikapona, vikapasuka tena. Kalonda alinisaidia bila kuombwa. Amisi aliondoka siku ya pili kwenda Kasongo, akatangaza njia nzima kwamba nimemvua nguo hadharani. Nilimvua nguo? Mimi nilivua lipu tu, nguo alivua mwenyewe. Siku injinia aliporudi, nilitia jivu chumba cha mwisho kabisa, na kabla sijafika nyuma nilisikia wanawake wanapiga kelele kwenye pipa. Limefika. Ndipo nikachukua kalamu. Jina langu alilirudisha palepale, kwa wino.

Nyumba ile sasa ina watoto. Mama wa usafi anachomeka mpira wake, watoto wanalala, hakuna anayekohoa. Sijarudi kwa Amisi. Ninaishi kwenye nyumba ya baba na wanangu watatu, na ile kazi ya Kasongo tumeikamilisha, mimi na Kalonda na wasichana wawili ninaowafundisha. Kuna wanaosema nilichagua bomba nikamwacha mume. Waseme. Usiku nalala vizuri.

Dada zangu, na nyinyi ndugu wa kiume pia, nawasihi kitu kimoja. Mpe mwenzako moyo, mpe mgongo wako abebwe akiumwa. Alama yako usimpe. Usitie mkono wako kwenye kazi usiyoijaribu, hata kama msiba uko mlangoni na pikipiki inanguruma, hata kama anayekuomba ndiye unayempenda. Nyumba ikichelewa kufunguliwa, itafunguliwa kesho yake. Ningemwambia Amisi tungoje, siku tatu tu za matanga, nisingeandika haya.

Mwezi uliopita wifi yangu alikuja hapa nyumbani. Amisi amepata kazi ya mabomba ya maji kwenye jengo moja mjini, na wenye jengo wamekataa kupokea kazi mpaka waone mistari miwili myekundu kwenye kila kiungo. Basi alikuwa amemtuma na kalamu, mpya kabisa, ya wino ule ule. Aliniambia Amisi anaomba, kwa ajili ya watoto, nije nipige mistari tu, haitachukua hata saa moja, kila kitu kimeshajaribiwa.

Nilimkaribisha, akala, akanywa chai. Tulizungumza habari za watoto na za mama yake. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka njiani, nikamrudishia ile kalamu. Kifuniko chake sikukifungua.